Kadi ya Uanachama Dukani: Bei Inayolipwa Kabla ya Kununua

Ukilitazama bila mazoea, ni jambo la ajabu kwamba mtu mwenye fedha mfukoni na orodha ya mahitaji mkononi anaweza kufika kwenye mlango wa duka na kuambiwa kuwa hauziwi kitu mpaka aonyeshe kadi, na kwamba kadi hiyo yenyewe inauzwa. Muuzaji tuliyemzoea huita watu: hupanga bidhaa mahali zitakapoonekana, hupunguza bei, hufanya kila awezalo ili mpita njia ageuke mteja. Muuzaji wa kadi anafanya kinyume chake. Anaweka mlinzi mlangoni, anadai kiingilio, na bado maegesho yake yanajaa.

Maelezo yanayotolewa kwa haraka huwa ni mawili. Wapo wanaosema kadi ni chujio la kuwatenga watu fulani, na wapo wanaosema ni kamba ya kumfungia mteja ili asihamie kwa jirani. Kila moja lina chembe ya ukweli, lakini yote mawili yanaitazama kadi kama kitambulisho, ilhali kadi ni bei. Ni sehemu ya bei iliyobanduliwa kutoka kwenye bidhaa na kutangulizwa mlangoni, na kwa sababu inalipwa kabla ya kununua, inabadilisha hesabu za muuzaji na mwenendo wa mnunuzi kwa namna ambayo bei ya kawaida, inayolipwa kwa keshia, haiwezi.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika vitabu vya hesabu vya kampuni ya Costco ya Marekani, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote katika biashara ya maduka ya wanachama. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia tarehe 1 Septemba 2024, iliuza bidhaa za dola bilioni 249.6. Ukitoa gharama ya kuzinunua bidhaa hizo, kisha ukatoa mishahara, umeme, pango na gharama nyingine za uendeshaji, kilichobaki kutokana na mauzo ni takriban dola bilioni 4.5 tu, yaani chini ya senti mbili kwa kila dola iliyoingia kwenye kasha. Katika mwaka huohuo ada za uanachama zilileta dola bilioni 4.8. Kwa maneno mengine, shughuli yote ile ya malori, maghala, makontena na foleni ilizaa faida ndogo kuliko kadi peke yake, ingawa ada zenyewe zilikuwa chini ya sehemu 2 kati ya 100 za mapato yote.

Mtu akizisoma hesabu hizo upesi anaweza kuhitimisha kwamba bidhaa ni chambo na kadi ndiyo ndoano. Mimi nadhani picha hiyo inapotosha kidogo, kwa sababu samaki aliyenasa hana nafasi ya kuamua tena, ilhali mwanachama huamua upya kila baada ya miezi 12. Hapo ndipo penye nguvu ya mfumo. Duka la kawaida hupata faida yake kwa kila kitu kinachopita kwa keshia, kwa hiyo kila bidhaa kwenye rafu ni fursa ya kuongeza kidogo juu ya bei, hasa zile ambazo mteja hana mazoea ya kuzilinganisha. Duka la kadi likifanya hivyo huhatarisha ada ya mwaka ujao. Costco imejiwekea kanuni, ambayo imeishikilia kwa miongo kadhaa, ya kutoongeza zaidi ya takriban asilimia 14 juu ya gharama kwa bidhaa za chapa za watu wengine, na takriban asilimia 15 kwa bidhaa za chapa yake yenyewe ya Kirkland Signature, iliyoanzishwa mwaka 1995. Kanuni hiyo haitokani na huruma. Ni hesabu ya mtu anayejua kwamba mteja wake atakaa chini siku moja, ataitazama kadi, na kujiuliza kama mwaka uliopita ulimlipa.

Wanauchumi wana jina la mpango huu: bei ya sehemu mbili, moja ya kuingia na nyingine ya kutumia. Walter Oi aliuchambua mwaka 1971 akitumia mfano wa bustani ya burudani ya Disneyland, akiuliza kama mwenye bustani apate fedha zake getini au kwenye kila mchezo. Jibu lake, likielezwa kwa lugha nyepesi, ni kwamba pale ambapo wateja wanafanana kimahitaji, mwenye bustani hupata zaidi akiuza michezo kwa bei inayokaribia gharama yake na kukusanya faida yote getini, kwa sababu bei ndogo ndani humfanya kila aliyeingia atumie kwa wingi, na thamani ya wingi huo ndiyo inayomfanya akubali kiingilio kikubwa. Wateja wasipofanana, hesabu hubadilika, kwani kiingilio kikubwa huwafukuza wale wenye mahitaji madogo. Wafanyabiashara wa maduka ya kadi hawakusubiri makala ya wanauchumi ili wafike huko. Walifika kwa kujaribu, na mara nyingine kwa kukwepa sheria.

Historia hiyo ya kukwepa sheria haisimuliwi mara nyingi, nayo inaeleza mengi. Nchini Marekani, kwa miaka mingi ya karne ya 20, sheria za majimbo zilizoungwa mkono na sheria ya taifa ya mwaka 1937 zilimruhusu mwenye kiwanda kupanga bei ya chini ambayo hakuna muuzaji wa rejareja angeweza kwenda chini yake. Dukani, bidhaa ileile ilikuwa na bei ileile kila mahali, na aliyetaka kuuza rahisi aliweza kushtakiwa. Mwaka 1948 Eugene Ferkauf alifungua duka la E. J. Korvette mjini New York, akianza na mizigo na mabegi ya safari, na akatafuta mlango wa nyuma: aliwagawia watu wa ofisi za jirani na wapita njia kadi za uanachama, ili duka lake lionekane kuwa klabu inayohudumia wanachama wake badala ya duka lililo wazi kwa umma. Kadi ile haikumzuia mtu yeyote, kwa kuwa karibu kila aliyeitaka aliipata. Kazi yake ilikuwa mbele ya hakimu, si mbele ya mteja. Sheria za bei za viwandani zilifutwa na Bunge la Marekani mwaka 1975, na hapo sababu hiyo ya kadi ikafa, lakini mazoea ya kadi yalikuwa yameshaota mizizi.

India ilionyesha sura nyingine ya jambo hilohilo, tena katika miaka ya karibuni. Kabla ya mwaka 2012 mtaji wa kigeni haukuruhusiwa katika maduka ya rejareja yanayouza chapa nyingi, ila uliruhusiwa katika biashara ya jumla. Kampuni ya Metro ya Ujerumani, ambayo duka lake la kwanza la jumla la kujihudumia lilifunguliwa Mülheim mwaka 1964, iliingia Bangalore mwaka 2003 kama muuzaji wa jumla, na kadi iliyotolewa kwa mwenye uthibitisho wa biashara ndiyo iliyokuwa mpaka kati ya kilichoruhusiwa na kilichokatazwa. Mwenye duka dogo aliingia. Mtu aliyetaka tu mahitaji ya nyumbani aliambiwa abaki nje. Hapa kadi ilikuwa kitambulisho kwelikweli, na ndiyo maana ilitolewa bila ada. Tukumbuke tofauti hiyo, kwa sababu mara nyingi watu huzungumza juu ya kadi za maduka kana kwamba zote ni jamii moja.

Kadi ya kulipia ina ukoo wake. Mwaka 1948 wafanyakazi wa posta wa Los Angeles walianzisha Fedco, duka la wanachama waliokuwa watumishi wa serikali, na watu walikuwa tayari kusafiri kutoka miji ya mbali kwenda kununua huko. Mwanasheria mmoja wa San Diego, Sol Price, aliliona hilo, akaanzisha FedMart mwaka 1954 kwa mpango unaofanana. Kuchagua watumishi wa serikali kulikuwa na busara yake ya kibiashara: hawa walikuwa na mshahara usiokatika, na hundi zao hazikuwa na desturi ya kurudishwa na benki. Baada ya kuipoteza FedMart aliyoiuza kwa mwekezaji kutoka Ujerumani, Price alianza upya mwaka 1976 kwa Price Club, ndani ya jengo lililowahi kuwa banda la ndege mjini San Diego, akiwatoza wafanyabiashara wadogo dola 25 kwa mwaka. Wafanyabiashara peke yao hawakutosha kulijaza banda, kwa hiyo haukupita muda mrefu kabla hajafungua mlango kwa makundi ya waajiriwa pia, na biashara ikashika kasi. Mwaka 1983 wanafunzi wake wa moja kwa moja na wa mbali walianza yao: James Sinegal, aliyefanya kazi chini ya Price tangu FedMart, alianzisha Costco mjini Seattle pamoja na Jeffrey Brotman, na Sam Walton, mwanzilishi wa maduka ya Walmart, akafungua Sam's Club ya kwanza huko Midwest City, Oklahoma. Walton alikiri waziwazi kwamba alikuwa ameiga kutoka kwa Price. Mwaka 1993 Price Club na Costco ziliungana.

Ninachokiona katika ukoo huu ni jinsi lengo la kadi lilivyohama. Mwanzoni ilisema wewe ni nani: mtumishi wa posta, mwenye kioski, mwanachama wa chama cha akiba na mikopo. Baadaye ikasema tu kwamba umelipa. Kila hatua ya kuhama huko iliongeza idadi ya wanaoweza kuingia, na mwishowe mlango ukawa wazi kwa yeyote mwenye ada. Kwa hiyo anayesema kwamba kadi za leo zipo ili kuwatenga watu anaeleza hali ya miaka ya 1950 zaidi kuliko ya sasa, ingawa, kama nitakavyoeleza, wapo wanaotengwa kwa njia nyingine.

Sasa tuingie ndani ya duka, kwa sababu ada isingefaa kitu kama kilichomo ndani kingekuwa sawa na cha kila mahali. Supamaketi kubwa hubeba makumi ya maelfu ya aina za bidhaa. Duka la Costco hubeba takriban 4,000. Upungufu huo ni wa makusudi, nao unategemea kadi kuliko inavyoonekana. Muuzaji asiyejua nani atakuja kesho hulazimika kuweka kila kitu, kwa kuwa mteja asipoipata chapa anayoipenda atatoka mtupu na labda asirudi. Muuzaji wa wanachama anajua kwamba watu wake wamekwisha kulipa, kwamba watarudi, na kwamba watakubali aina 2 za sabuni badala ya 20 iwapo hizo 2 ni nzuri na bei yake haina mfano. Basi oda yote ya sabuni inaelekezwa kwa viwanda 2, kila kimoja kinapata oda kubwa ambayo hakiwezi kuipuuza, na mazungumzo ya bei yanageuka. Sol Price alikuwa akitetea waziwazi kupoteza baadhi ya mauzo kwa akili, yaani kukubali kumwacha mteja mmoja aondoke bila alichokitaka ili wengine wote wauziwe kwa gharama ndogo.

Aina chache zikiuzwa kwa wingi huondoka upesi. Mzigo unaoingia ghalani na kuuzwa ndani ya wiki chache unaweza kuwa umekwisha geuka fedha kabla siku ya kumlipa msambazaji haijafika, na hivyo sehemu ya mtaji wa duka hutoka, kwa kweli, kwa wasambazaji. Bidhaa hukaa juu ya mbao zilezile zilizosafirishwa nazo, sakafu ni saruji tupu, na matangazo ya biashara ni machache mno. Chema chajiuza, walisema wahenga, lakini hapa kuna sababu ya ziada: ukishakuwa na anwani za watu wote waliowahi kununua kwako, kutangaza kwa umma mzima ni kumwaga maji baharini.

Mlinzi wa mlangoni naye ana kazi zaidi ya ile inayoonekana. Wizi wa madukani hupungua pale ambapo kila aliyeingia anajulikana kwa jina na ambapo risiti hukaguliwa wakati wa kutoka. Bidhaa ikigundulika kuwa na hitilafu na kuamriwa irudishwe, duka la wanachama linaweza kuwaandikia wote walioinunua, jambo ambalo muuzaji wa fedha taslimu hana namna ya kulifanya. Anayerudisha bidhaa hahitaji kuitafuta risiti iliyopotea, kwa kuwa manunuzi yake yamo kwenye kumbukumbu. Na tangu mwaka 2023 Costco ilipoanza kukaza mkono dhidi ya wanaoazimana kadi, kisha mwaka 2024 ikaweka mashine za kusoma kadi kwenye milango ya kuingilia, limedhihirika jambo ambalo mapato yake yalikuwa yakilisema siku zote. Ndugu anayeingia na kadi ya ndugu yake ananunua bidhaa kama kawaida, tena kwa fedha zake halali, ila kwa duka linalopata faida yake mlangoni huyo ni sawa na aliyepanda basi bila tiketi.

Kwa upande wa mnunuzi, ada inayotangulia hufanya kazi kichwani. Mtu aliyelipa mwanzo wa mwaka huhisi kwamba asipokwenda mara kwa mara fedha yake itapotea, kwa hiyo huenda, na akienda hununua, na akinunua hujiambia kwamba anaokoa. Kwa mantiki kavu, ada iliyokwisha kulipwa haipaswi kuingia katika uamuzi wa leo, kwa kuwa haitarudi aende au asiende; lakini ni wachache wanaoishi kwa mantiki kavu, na wenye maduka wanalijua hilo vizuri kuliko walimu wa uchumi. Kuna pia suala la kuamini. Aliyelipa kiingilio hudhani kwamba kila kilichomo ndani ni rahisi, na huacha kulinganisha. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi kwa bei ya kila kilo au kila lita, na mara nyingi si sahihi kwa matumizi ya mwezi, kwa kuwa mtu aliyenunua ujazo wa mara nne hutumia zaidi, au hutupa kilichoharibika kabla hakijatumika. Sijawahi kukutana na mwanachama anayeweka hesabu ya alivyovitupa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ada ya kawaida ya Costco nchini Marekani ni dola 65 kwa mwaka tangu tarehe 1 Septemba 2024, ilipopandishwa kutoka dola 60, na ya daraja la juu ni dola 130, ambayo humrudishia mwanachama asilimia 2 ya manunuzi yanayostahili. Tofauti ya dola 65 kati ya madaraja hayo inafidiwa pale manunuzi ya mwaka yanapofikia dola 3,250, yaani takriban dola 271 kila mwezi. Aliye chini ya hapo amenunua heshima ya rangi ya kadi. Kwa ada ya kawaida swali ni gumu zaidi, kwa sababu linahitaji mtu ajue angelipa kiasi gani kwingineko kwa vitu vilevile, kwa wingi uleule anaouhitaji kweli, na kuongeza nauli au mafuta ya kufika huko. Na hayo ndiyo hasa mambo ambayo kadi humfanya asiyafikirie tena.

Hapa narudi kwa wanaotengwa. Ada ya mwaka haimchagui mtu kwa kabila wala kazi yake, ila humchagua kwa uwezo wa kutoa fedha leo ili aokoe kesho. Anayelipwa kwa siku na kununua kwa siku hana pa kuitoa ada hiyo, na hata angepewa bure, bado angehitaji mtaji wa kununua katoni nzima, chombo cha kuisafirishia na nafasi ya kuihifadhi. Matokeo yake ni kwamba bei ya chini kabisa ya kitu kimoja hupatikana kwa wale wanaoihitaji kidogo kuliko wengine, na asiyekuwa nacho anakinunua kwa vipimo vidogo vyenye bei kubwa. Muuzaji wa kadi hakuiumba hali hiyo, lakini anajenga juu yake. Hata wafanyabiashara wenyewe wameitambua: Amazon, duka la mtandaoni la Marekani ambalo uanachama wake wa Prime ulianza mwaka 2005 kwa dola 79 kwa mwaka, lilianzisha mwaka 2017 ada ya chini kwa Wamarekani wanaopokea msaada wa serikali wa chakula, tena ya kulipwa mwezi kwa mwezi. Punguzo hilo lilikuwa na maana, ila kwangu kilichogusa tatizo zaidi ni ile ruhusa ya kulipa kwa mwezi, kwa kuwa kikwazo kikubwa cha ada ni kutangulizwa kwake.

Ushirika wa walaji ulijaribu kulitatua jambo hili kwa njia nyingine kabisa. Mafundi na wafumaji 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao tarehe 21 Desemba 1844, walichangia pauni moja kila mmoja, wengi wao kwa vijisehemu vidogo vilivyokusanywa polepole, na faida iliyopatikana ikagawiwa kwa wanachama kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Nao walitanguliza fedha mlangoni, lakini ilikuwa hisa, si ada: aliyelipa akawa mwenye duka. Mjini New York, ushirika wa Park Slope, ulioanza mwaka 1973, huuza kwa wanachama tu na hudai kwamba kila mwanachama afanye kazi ya zamu dukani, kupanga rafu au kukaa kwenye meza ya keshia. Huko bei ya kuingia inalipwa kwa saa, na hivyo gharama ya mishahara inapungua. Wapo wanaoichukia zamu hiyo kuliko ambavyo wangeichukia ada, na siwalaumu.

Halafu zipo kadi za bure, na hizi naziona kuwa na utata zaidi kuliko za kulipia, kwa sababu bei yake haionekani. Kampuni ya supamaketi ya Tesco ya Uingereza ilipoanzisha kadi yake ya Clubcard nchi nzima mwaka 1995, ilimrudishia mteja takriban asilimia 1 ya alichotumia, nayo ikapata kumbukumbu ya kila kilichonunuliwa na kila mwenye kadi, siku gani na katika tawi gani. Uchambuzi ulifanywa na kampuni ndogo ya Edwina Dunn na Clive Humby, ambao waliweza kutoka kwenye risiti kutambua kaya yenye mtoto mchanga, kaya inayobana matumizi na kaya inayonunua baadhi ya vitu tu na kukamilisha mahitaji yake kwa mshindani. Asilimia 1 ile haikuwa zawadi. Ilikuwa malipo ya taarifa, na nadhani ilikuwa bei ya haki kiasi wakati ule, kwa kuwa aliyekataa kadi alikosa asilimia 1 tu na akaendelea kununua kama kila mtu.

Hali ilibadilika mwaka 2019, pale Tesco ilipoanza kuweka bei mbili kwenye rafu moja, ya mwenye kadi na ya asiye nayo, na baadaye wauzaji wengine wakubwa wa Uingereza wakafuata. Asiyetaka kutoa taarifa zake sasa hakosi zawadi ndogo, bali hulipa faini kwa kila kitu kilicho kwenye ofa. Mamlaka ya ushindani na masoko ya Uingereza ililichunguza suala hili, na matokeo yake ya Novemba 2024 yaliwashangaza waliotarajia udanganyifu: kati ya bidhaa takriban 50,000 zilizochunguzwa, asilimia 92 zilikuwa na punguzo la kweli kwa mwenye kadi ikilinganishwa na bei ya kawaida ya duka lenyewe. Nayakubali matokeo hayo. Hata hivyo, yanajibu swali moja tu, nalo ni kama bei ya kawaida ilipandishwa makusudi ili punguzo lionekane kubwa. Hayajibu kama ni sawa bei kamili kubebwa na asiye na simu janja, na kijana aliye chini ya umri wa kusajiliwa, na mtu anayethamini faragha yake, ilhali wote wamesimama mbele ya rafu ileile na fedha ileile. Duka la kadi ya kulipia humwambia mgeni waziwazi kwamba asiingie. Duka la bei mbili humkaribisha, kisha humtoza zaidi.

Kwa hiyo nikiulizwa ni kadi ipi iliyo ya haki, siangalii ukubwa wa punguzo wala uzuri wa masharti ya kujiunga, naangalia jinsi ya kutoka. Costco huahidi kumrudishia mwanachama asiyeridhika ada yake wakati wowote, na ahadi hiyo ndiyo inayozipa maana takwimu zake za mwaka 2024, kwamba karibu wanachama 93 kati ya 100 nchini Marekani na Kanada waliendelea na uanachama. Mtu aliyeruhusiwa kuondoka na fedha yake, akabaki, amesema jambo ambalo hakuna utafiti wa soko unaoweza kulisema vizuri zaidi. Upande wa pili wa sarafu, tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliishtaki Amazon mwezi Juni 2023 ikidai kwamba wateja walisajiliwa Prime bila ridhaa iliyo wazi, na kwamba njia ya kujiondoa ilikuwa imefanywa makusudi kuwa ndefu na yenye kuchosha. Septemba 2025 kesi hiyo ilimalizwa kwa makubaliano ya dola bilioni 2.5, ambapo dola bilioni 1 ni adhabu na dola bilioni 1.5 ni za kurudishwa kwa wateja, na kampuni ikatakiwa kuweka njia nyepesi ya kujiondoa, kwa namna ileile mteja aliyojiungia.